Kabla ya kuuza kibanja, uliza nani atakuandika daftarini

Fedha za kahawa zikishalipwa, katika nyumba nyingi za Igurwa na kata nyingine za Karagwe na Kyerwa, mkoani Kagera, huanza mazungumzo yale yale. Kijana anasema amechoka kuteremka bondeni alfajiri na dumu la lita ishirini, kisha apande nalo kilima kabla jua halijachomoza. Mama anamkumbusha kila mtu jirani aliyevunjiwa mlango usiku. Mjomba aliyerudi safari anasimulia alivyotembea Kigali saa nne usiku, simu mkononi, na hakuna aliyemgusa. Baba anasikiliza huku akigeuza buni kwenye turubai kwa kiganja. Likitajwa neno "kuuza", ndipo anaponyoosha mgongo na kutazama migomba yake.

Anachokitazama ni kibanja. Kwa Wanyambo, wenyeji wa Karagwe, kama ilivyo kwa Wahaya, kibanja ni nyumba pamoja na migomba inayoizunguka, mibuni iliyo chini ya kivuli chake, maharage katikati, nyasi zilizotandazwa kushika unyevu, na mara nyingi makaburi ya wazee pembeni. Udongo wake haukuwa mweusi tangu mwanzo. Ulilishwa samadi, majivu ya jikoni na maganda ya ndizi, mwaka baada ya mwaka, na watu ambao wengine hawapo tena. Kukiuza ni kazi ya siku moja. Kukijenga upya mahali pengine ni kazi ya kizazi.

Hata hivyo, kutamani maisha salama, safi na yenye utaratibu ni haki ya kila mtu, na wanaohama Kagera kwa sababu hiyo hawastahili kulaumiwa. Wanastahili ushauri mzuri. Ushauri wanaopewa leo ni mfupi mno: kwamba mji fulani unang'aa, barabara zina taa, takataka hazionekani. Swali zito haliulizwi. Je, huko unakokwenda, jina lako litaandikwa katika daftari la wakazi, na siku mambo yakiharibika utahesabiwa kuwa mmoja wao?

Kigali ndiyo inayosifiwa zaidi, na inastahili. Rwanda ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2008, miaka tisa kabla ya Kenya na kumi na mmoja kabla ya Tanzania, ambayo marufuku yake ilianza tarehe 1 Juni 2019. Mwaka huohuo wa 2008 jiji hilo lilipata tuzo ya heshima ya UN-Habitat. Waendesha pikipiki wa abiria huvaa kofia ngumu na kubeba nyingine kwa ajili ya mteja. Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi, saa mbili hadi saa tano asubuhi, maduka hufungwa na watu wenye umri wa miaka 18 hadi 65 hutoka kwa kazi ya pamoja iitwayo umuganda: kufyeka, kuzibua mitaro, kupanda miti. Asiyetoka bila sababu anaweza kutozwa faini ya hadi faranga 5,000.

Kazi ikiisha, watu hawatawanyiki. Wanakaa chini na kuzungumza mambo ya mtaa: nani anaumwa, wapi maji yamekatika, nani ana mgogoro na jirani yake. Mgeni anayepita na basi huona barabara iliyofagiwa, asikione kikao hicho, na kikao hicho ndicho kinachofanya barabara ibaki imefagiwa. Kila kaya iko chini ya umudugudu, ngazi ya chini kabisa ya utawala, ambayo kiongozi wake anajua nani amehamia na nani ameondoka.

Utaratibu huo una gharama zake, na anayefikiria kuhamia Kigali azijue. Shirika la Human Rights Watch limeandika zaidi ya mara moja kuhusu kituo cha Gikondo, ambako wachuuzi, ombaomba na watoto wa mitaani walikusanywa na kuzuiliwa bila kufikishwa mahakamani. Wakazi wa Kangondo, mtaa uliojulikana zaidi kwa jina la Bannyahe, waliondolewa mwaka 2022 na kupelekwa Busanza baada ya mvutano wa miaka kadhaa kuhusu fidia. Hao walikuwa raia, na baadhi yao walikuwa na nyumba. Mgeni asiye na kibali, anayelala kwa rafiki na kutembeza bidhaa mkononi, yuko mahali dhaifu kuliko wao.

Wako wanaodhani Jumuiya ya Afrika Mashariki imemaliza tatizo hili. Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 2010, inamruhusu raia wa nchi mwanachama kuingia, kufanya kazi na kuishi katika nchi nyingine. Lakini vibali vinabaki kuwa vibali, na suala la ardhi itifaki imeliachia sheria za kila nchi. Mkulima wa Karagwe hawezi kuuza kibanja chake leo na kesho akadai kingine Rwanda au Uganda kwa hoja kwamba sote ni Wana-Afrika Mashariki.

Mfano ulio wazi zaidi uko mbali kidogo, Muscat. Baada ya Sultani Qaboos kushika madaraka Julai 1970, Oman iliwaita watu wenye asili ya huko waliokuwa wakiishi nje. Wengi walitoka Zanzibar na pwani ya Afrika Mashariki, baadhi yao wakiwa wamekimbia baada ya Mapinduzi ya Januari 1964. Walipewa uraia, wakaingia katika ofisi za serikali, shule na hospitali, wakawa sehemu ya ujenzi wa nchi. Mpaka leo Kiswahili chao kinasikika majumbani. Kwao, mji ule safi wenye barabara pana ni nyumbani.

Katika mji huohuo anaishi binti kutoka Tanzania aliyekwenda kufanya kazi za ndani. Barabara anazoziona dirishani ni zilezile. Lakini chini ya mfumo wa kafala, kibali chake kimefungwa kwa mwajiri mmoja. Ripoti ya Human Rights Watch ya mwaka 2017 kuhusu wafanyakazi wa ndani wa Kitanzania walioko Oman na Falme za Kiarabu ilikusanya simulizi za pasi kushikiliwa na waajiri, kazi bila mapumziko na mishahara isiyolipwa. Mji ni mmoja, usafi ni mmoja, polisi ni walewale. Tofauti kati ya aliyetoka Zanzibar akapewa uraia na binti huyu ni karatasi inayosema kila mmoja ni nani pale.

Watu wa Karagwe hawana haja ya kwenda Muscat kujifunza somo hilo. Wilaya yao yenyewe kwa muda mrefu imekuwa mahali ambapo watu walikimbilia kutafuta maisha bora. Mwaka 1861 Mukama (mfalme) Rumanyika aliwapokea wasafiri kutoka Uingereza, Speke na Grant. Speke alipoendelea na safari ya Buganda, Grant alibaki kwa Rumanyika akiuguza mguu kwa miezi kadhaa, mgeni aliyetunzwa na mwenyeji. Karne iliyofuata walikuja Wahaya waliobanwa na uhaba wa ardhi upande wa Bukoba, wakaja Wakiga kutoka vilima vya Kigezi nchini Uganda. Wanyarwanda waliokimbia machafuko yaliyoanza mwaka 1959 walitengewa makazi, yakiwemo ya Nkwenda na Kimuli. Mwaka 1980 Serikali ya Tanzania ilitangaza kuwapa uraia makumi ya maelfu ya wakimbizi hao, hatua ambayo wakati huo nchi chache duniani zilithubutu kuichukua.

Kisha ukaja mwaka 1994. Mto Kagera, unaotenganisha Kyerwa na Rwanda, ulibeba maiti za waliouawa katika mauaji ya kimbari mpaka Ziwa Victoria. Mamia ya maelfu ya watu walivuka kuingia Ngara na Karagwe. Misitu ilikatwa kwa ajili ya kuni na vibanda, visima vikazidiwa, silaha zikaanza kupita mkono kwa mkono. Desemba 1996 wengi walirudishwa kwao, lakini ujambazi ulibaki. Wasafiri wa miaka iliyofuata wanakumbuka mabasi yakisubiriana ili yapite kwa msafara, askari wenye bunduki wakiwa ndani, katika msitu wa Kasindaga upande wa Biharamulo. Mkoa uliokuwa kimbilio ukawa mkoa wa kupita kwa hofu.

Hofu hiyo ndiyo iliyotangulia mwaka 2013. Julai mwaka huo Rais Jakaya Kikwete, akiwa ziarani Kagera, aliwapa wahamiaji wasio na vibali siku 14 waondoke. Septemba ikafuata Operesheni Kimbunga ya kuwaondoa waliobaki. Serikali ilikuwa na sababu za kueleweka: silaha, utekaji wa magari, mifugo kuingizwa hifadhini na mashambani. Lakini miongoni mwa maelfu waliovuka Rusumo kuingia Rwanda na kupokelewa katika kambi za muda kama Kiyanzi walikuwemo watu waliozaliwa Tanzania, waliooa au kuolewa na Watanzania, na waliolima vijijini kwa miaka mingi. Ndugu wa familia moja walijikuta pande mbili za mpaka. Mtu aliyekaa miaka thelathini akichangia ujenzi wa shule na kuzika pamoja na majirani aligundua kwamba hakuna mahali ambapo kukaa kwake kumeandikwa.

Hapa ndipo swali la kuhama linapopaswa kuanzia. Maisha ya watu hao yalikuwa na utaratibu. Walikuwa na migomba, ng'ombe, watoto shuleni. Kilichokosekana ni uhakika wa kisheria, na kilipokosekana hicho, vingine vyote vilipotea ndani ya wiki mbili. Hadi sasa wakazi wengi wa wilaya za mpakani, raia halali, huhojiwa kwa muda mrefu kuliko Watanzania wengine wanapoomba kitambulisho cha Taifa. Anayetoka Karagwe kwenda kuishi kwingine aondoke na nyaraka zake kamili: kitambulisho cha Taifa (NIDA), cheti cha kuzaliwa, na barua ya utambulisho kutoka kwa mtendaji wa kijiji anachokiacha. Karatasi hizo tatu zina thamani zaidi kuliko godoro na kabati atakalopakia.

Wanaobaki ndani ya Tanzania wana haki ya kuishi popote, lakini nao wana mtego wao. Dar es Salaam, yenye watu 5,383,728 kwa sensa ya 2022, bado ndiyo ndoto ya vijana wengi wa Kagera. Chumba cha bei nafuu mara nyingi hupatikana bondeni. Desemba 2011 mvua zilisababisha mafuriko katika Bonde la Msimbazi, watu zaidi ya 40 wakafa jijini, na Serikali ikawahamishia waathirika Mabwepande, kilometa nyingi kutoka katikati ya jiji. Viwanja vilikuwa juu, salama dhidi ya mafuriko. Lakini walikuwa mbali na soko, mbali na vibarua vyao, huduma zikiwa bado zinajengwa. Baadhi wakarudi bondeni. Usalama dhidi ya mafuriko pekee haukuwatosha, kwa sababu mtu anahitaji pia kula.

Hata afya, jambo linalotajwa sana na wanaotaka kuhamia mjini, inategemea kufahamika. Machi 2023 ugonjwa wa Marburg ulizuka katika Wilaya ya Bukoba, mara ya kwanza kuthibitishwa Tanzania. Watu tisa waliugua na sita wakafariki, akiwemo mhudumu wa afya. Mlipuko ulitangazwa kumalizika tarehe 2 Juni 2023. Ulizimwa kwa kazi isiyo na makuu: kumtafuta kila aliyemgusa mgonjwa, nyumba kwa nyumba, na kumfuatilia siku 21. Kazi hiyo inawezekana mahali ambapo mwenyekiti wa kitongoji anajua nani analala nyumba ipi. Katika mtaa ambao wapangaji hubadilika kila mwezi na hakuna anayejua jina la jirani, ugonjwa kama huo ungekuwa na njia pana.

Basi mtu afanyeje anapochagua mahali pa kuhamia? Kwanza aende kupaona wakati wa masika. Kila mtaa unapendeza kiangazi. Mvua ndiyo inayoonyesha mfereji ulioziba, choo kinachofurika na barabara isiyopitika. Aingie shule ya msingi ya pale na kutazama vyoo vya watoto, kwa sababu choo cha shule hakidanganyi kuhusu viongozi wa mahali. Aulize dumu la maji ni shilingi ngapi mwezi wa tisa. Asimame mbele ya ubao wa matangazo wa ofisi ya kijiji au mtaa atazame kama taarifa ya mapato na matumizi imebandikwa, na ya lini. Awaulize wanawake, kabla ya wanaume, kama wanatembea usiku bila hofu.

Pili, aulize habari za ardhi kabla ya habari za bei. Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999, halmashauri ya kijiji ndiyo msimamizi wa ardhi ya kijiji, na mauzo ya kuandikishana kwenye karatasi ya daftari mbele ya mashahidi wawili wa pembeni yamewaliza wengi. Hatimiliki ya kimila inaweza kuandikwa kwa majina ya mume na mke kwa pamoja. Iandikwe hivyo. Kagera inajua maana yake: ni ardhi ya mkoa huu iliyozaa kesi ya Holaria Pastory, mwanamke wa Kihaya aliyerithi shamba kwa wosia wa baba yake, akaliuza, na ndugu wa ukoo wakadai mila haimruhusu. Februari 1990 Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu Mwanza aliamua kwamba mwanamke ana haki sawa na mwanamume ya kuuza. Mume anayeuza kibanja peke yake na kuahidi kwamba "tutanunua kingine huko" anamwondoa mkewe katika daftari moja bila kumwandika katika jingine.

Tatu, asiuze haraka. Kibanja kinaweza kukodishwa, au kuachiwa ndugu kwa makubaliano yaliyoandikwa mbele ya mtendaji, kwa mwaka mmoja au miwili, wakati familia inajaribu maisha mapya. Mwaka mmoja unatosha kupita masika na kiangazi, ada za shule na ugonjwa mmoja mkubwa. Anayeona mambo yamekwenda vizuri atauza akiwa na akili tulivu. Anayeona vingine atakuta migomba bado imesimama.

Kuna jambo moja zaidi, nalo linawahusu wanaobaki. Yale yanayowavutia watu Kigali hayakuletwa na hali ya hewa. Karagwe ina vilima vilevile, mvua ileile, na sasa lami ya kilometa 59 kutoka Kyaka hadi Bugene. Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982 inakipa kila kijiji uwezo wa kutunga sheria ndogo, zikipitishwa na mkutano mkuu wa kijiji na kuidhinishwa na halmashauri ya wilaya. Kijiji kinaweza kuamua siku ya msaragambo, yaani kazi ya pamoja, faini ya kutupa taka kwenye chanzo cha maji, zamu za ulinzi wa usiku na kiwango cha choo cha kila kaya. Mkutano huo unatakiwa kufanyika kila baada ya miezi mitatu, na kila mkazi aliyetimiza miaka 18 ni mjumbe. Mahali pengi huahirishwa kwa sababu akidi haikutimia. Watu wale wale wanaosema kijiji hakina utaratibu ndio wasiofika.

Kwa hiyo, msomaji wa Igurwa, Nkwenda, Kaisho au Kayanga unayepanga kuhama mwaka huu: kabla ya kumtafuta mnunuzi wa kibanja, hudhuria mkutano mkuu mmoja wa kijiji chako mpaka mwisho, kisha nenda ukahudhurie mmoja wa mahali unapotaka kuhamia. Sema jina lako kwa mwenyekiti na umwombe alitafute katika daftari. Huko ugenini, uliza inachukua muda gani mgeni kuandikwa, na utazame anavyokujibu.